Ghani Vibaya, Samatar

Samatar alikuwa akipita soko la Waheen huku anaongea peke yake, na Waheen mtu anayeongea peke yake hapishwi njia. Wapagazi walimsukuma huku na huku, mama mmoja mwenye beseni la nyanya akamtakia uongofu kwa sauti ya kumtukana, naye hakusikia lolote. Macho yake yalikuwa juu ya mabati, midomo inatembea, mkono wa kulia unapiga mapigo ya shairi hewani. Hivyo ndivyo alivyokanyaga sinia la unsi la Sagal.

Unsi ule, ubani mweusi wa kufukiza harusini uliopikwa kwa sukari na manukato, ukasambaa vumbini kote.

"Wewe! Hayo macho ni ya kuonea au ni mapambo?"

"Samahani dada, samahani sana. Nilikuwa..."

"Ulikuwa unaghani. Nimekusikia tangu kwa muuza viatu. Na umekosea."

Hilo la mwisho ndilo lililomsimamisha. Samatar alikuwa mwalimu wa kemia, lakini Hargeisa nzima ilimjua kwa kughani. Akialikwa harusini watu huacha nyama kwenye sahani wamsikilize. Kuambiwa amekosea, tena sokoni, tena na muuza ubani!

"Nimekosea wapi?"

"Ngamia wamefika kisimani, wewe ukaruka mstari mzima ukawa umeshafika kwenye mvua. Umewaacha wanyama wa watu na kiu."

Akafikiri. Akaurudia ule ubeti moyoni. Kweli alikuwa ameruka. Ndipo alipomtazama vizuri: dera jepesi la rangi ya zafarani, mtandio umeteleza hadi begani, hina mbichi kwenye vidole, na mwanya katikati ya meno ya mbele ambao hata akinuna ulikuwa unacheka.

"Nani kakufundisha?"

"Kanda za baba. Wenzangu walichezea wanasesere, mimi nilichezea redio. Haya, chutama uniokotee mali yangu."

Akachutama na suruali yake iliyopigwa pasi, wakawa wanaokota pamoja. Wakataniana, wakacheka. Mambo yangeishia kwenye kicheko kama si lile swali ambalo sisi Wasomali hatuwezi kulala nalo. Samatar aliuliza: "Unaitwa nani, na wewe ni wa nani?"

"Sagal, wa Kahin," akaanza, akahesabu jina la babu na la baba yake babu. Alipofika la nne mkono wa Samatar ukaganda juu ya sinia. Sagal aliona. "Na wewe?"

Samatar akahesabu ya kwake, polepole, kama mtu anayekiri kosa. Hakuhitaji kufika mbali. Kaka yake Sagal, Awale, ndiye aliyemchoma kisu Liban, kaka yake Samatar, kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja kule nje ya mji. Kaburi la Liban lilikuwa bado halijaota hata nyasi.

"Lipa ubani wangu uende," Sagal alisema, sauti imeshuka. "Na usipite tena njia hii."

Samatar akalipa. Kesho yake akapita tena njia hiyo.

Sasa mniache niseme ukweli: ulikuwa ujinga. Nyumbani kwao Samatar msiba ulikuwa bado umekaa sebuleni. Mama yake, Bi. Dahabo, hakuwa amelala usiku mzima hata mmoja tangu mazishi. Alikuwa akikaa kitandani kwa Liban na kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Na alikuwapo Keyse, kaka mkubwa, dereva wa malori ya Berbera, ambaye tangu msiba hakurudi barabarani. Kila alasiri alikaa na mirungi yake, bastola chini ya mto, hasemi. Heri angetukana. Mtu anayetukana unajua moyo wake uko wapi.

Awale alikuwa jela, na watu wenye akili walisema ukuta wa jela ndio unaompa uhai. Wazee wa pande mbili walikuwa wanakutana, wanaahirisha, wanakutana tena. Kila gari geni lililosimama nje ya nyumba ya Kahin liliwafanya wanawake wa ndani wazime redio wasikilize.

Katika hali hiyo ndipo hawa wawili walipoanza kupigiana simu.

"Halo, Redio?" Ndilo jina la utani Sagal alilompa Samatar, maana akiwashwa hazimiki.

"Niambie, roho yangu."

"Roho yako inauza ubani juani tangu asubuhi, wewe umekaa kivulini unafundisha watoto kuchanganya chumvi na maji."

"Ningekuwa karibu ningekushikia mwavuli."

"Ungekuwa karibu, kaka yako angenishikia kitu kingine."

Utani mwingine ukitoka mdomoni ndipo unagundua haukuwa utani.

Basi zikaja habari kwamba wazee wamekaribia kupatana. Kwetu damu haizimwi kwa mali peke yake. Lazima maneno nayo yatoke, na maneno mazito hutolewa kwa gabay, shairi linaloshika herufi moja kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtunzi wa ukoo wa Samatar alikuwa ami yake, Diriye, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina na kifua kibovu kisichoweza tena kughani. Yeye hutunga kichwani, wala haandiki. Mwingine hubeba. Na mbebaji hana ruhusa ya kubadili hata silabi: hutaja kwanza jina la mwenye shairi, kisha hulitoa kama alivyopewa. Akijikwaa, wale waliotumiwa wana haki ya kukataa kulipokea, na baraza hufungwa mpaka siku nyingine.

Mbebaji alikuwa Samatar, nani mwingine? Ami Diriye akawa anampa shairi kwa mafungu, kila alfajiri fungu moja, herufi yake ni K. Na Samatar, badala ya kwenda kujifungia, kila jioni akampigia Sagal wakalifanyia mazoezi kwenye simu. Mjumbe kumfungulia mzigo binti wa upande wa pili! Nimewahi kusikia makosa ya wajumbe, lakini kosa hilo halikuzaliwa peke yake, lilizaliwa na pacha.

"Unalikimbiza," Sagal alikuwa akimwambia. "Hapo unapomtaja Liban usipandishe sauti. Shusha. Mtu mwenye uchungu hapigi kelele, anaogopa kuwaamsha watoto."

"Hivi?" Akaghani chini chini:

*Kilio chetu kikongwe, kifuani kimekwama,*
*Kila kunapokucha, kitanda kile ki kitupu.*

Upande wa pili mtu akavuta pua.

"Sagal?"

"Nipo." Alikuwa analia. "Kaka yangu ndiye aliyekifanya kitupu. Rudia. Na mikono yako iweke tuli, najua unaipunga hata kwenye simu."

Alikuwa anaipunga kweli. Akacheka, akaiweka mapajani, akarudia. Kila jioni shairi likawa zuri zaidi kuliko jana yake, na kila jioni wakapendana zaidi, wala hawakujiuliza shairi linaelekea wapi.

Siku moja Samatar anavaa viatu atoke, Keyse akamshika ukosi wa shati, akaunusa.

"Shati lako linanukia harusi," alisema.

"Nimepita sokoni."

Keyse akauachia ukosi, akaunyoosha kwa kidole gumba kama baba anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Samatar alitembea mpaka mwisho wa mtaa ndipo akaweza kupumua vizuri.

Fungu la mwisho Ami Diriye alilizuia mpaka siku ya kuamkia baraza. Alfajiri ile, kati ya kikohozi na kikohozi, akalitoa:

*Kahin katoa kito, kwa Keyse kikabidhiwe;*
*Kiganja kilichokaza kisasi, kikunjuke kikumbatie.*

Samatar alilielewa palepale, ila masikio yakakataa.

"Kito gani, ami?"

"Binti yake. Yule wa ubani. Damu imetoka kwao, binti atoke kwao, azae kwetu. Mambo ya tangu babu zetu, unashangaa nini?"

"Keyse ana mke Berbera."

"Ana nafasi ya wa pili."

"Kama ni binti wa kuingia kwetu," Samatar alisema, na sauti yake, sauti hiyo ambayo mji mzima uliisifu, ikapasuka, "basi aolewe na mimi. Mimi sina mke."

Mzee akamtazama kwa muda. Hakuwa mjinga, yule mzee.

"Wewe hutaki kuua mtu," akasema. "Mke huyu ni kamba, mwanangu. Tunamfunga yule mwenye mkono wa kuua. Atawezaje kumpiga risasi shemeji yake, mjomba wa wanawe? Kukufunga wewe kutatusaidia nini? Kisha nikushauri jambo, na sitakushauri tena: hilo ulilonalo moyoni, lizike hukohuko. Keyse akijua ulikuwa unacheka na dada yake Awale wakati mama yako anakunja shuka la maiti, hataanza na Awale. Ataanza na wewe."

Samatar alipotoka simu ilikuwa inaita.

"Ulijua!" Sagal hakusalimia. "Mama ameniambia sasa hivi, huku ananipaka hina, anacheka na kulia. Ulijua tangu mwanzo!"

"Wallahi sikujua. Nimelisikia leo, sasa hivi."

"Nimekufundisha mwenyewe! Shusha hapa, pumua hapa! Nimekunolea kisu, Samatar, nimeshika na shingo nikakupa!"

"Sagal, mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi. Kuanzia kesho hilo ni jina la matusi."

Akakata. Samatar alimpigia mara ngapi, sijui. Mwisho akaondoka mbio mpaka Waheen, na mchana ule wa jua kali akamkuta ameketi nyuma ya sinia lake kama kawaida, hina nyeusi mpaka kwenye viwiko, wateja wanampita. Macho yalikuwa yamevimba. Samatar akachutama mbele yake, akajifanya anachagua unsi.

"Naapa kwa kaburi la Liban, sikujua. Nilimwomba ami nikuoe mimi. Amekataa."

Sagal akamchunguza usoni. Kuna viapo ambavyo mtu haviapi kwa uongo, hata mwongo. Mabega yake yakalegea, akafuta pua kwa pembe ya mtandio.

"Kweli uliomba?"

"Kweli."

"Ulisemaje?"

"Nilisema mimi sina mke."

Mwanya ule ukaonekana kidogo, kisha ukafichika. "Posa gani hiyo! Hata mbuzi huposwa kwa maneno mazuri zaidi." Akainama, akaanza kumpimia unsi asioutaka, na huku anapima akasema bila kuinua macho: "Basi nioe kwa maneno mengine. Kesho, ghani vibaya."

"Nini?"

"Ukifika kwenye jina la baba yangu, jikwae. Sahau. Kohoa, anguka, fanya unavyojua. Shairi lililojikwaa wazee wetu hawatalipokea, baba yangu ana wivu wa mashairi kuliko wa wake zake. Wataahirisha. Shangazi yangu yuko Djibouti, gari linaondoka kila siku. Wakikutana tena, mimi sipo, na wewe utanifuata."

"Na Awale?"

Mikono yake ikasimama. "Awale ni kaka yangu. Nimemwombea kila sala. Lakini jela ina ukuta. Mimi ukuta wangu uko wapi?"

Samatar hakuwahi maishani kughani vibaya kwa makusudi. Kwake ilikuwa sawa na kumwambia fundi akate nguo ya watu kwa meno. Lakini alimtazama yule msichana, akaona kwamba hamwombi shairi, anamwomba maisha yake.

"Nitajikwaa," alisema.

"Niambie tena."

"Nitajikwaa, Sagal. Nikifika kwa Kahin, nitajikwaa."

Alimpa unsi ule bure.

Baraza liliwekwa uwanja wa shule, chini ya turubai. Wanaume wa pande mbili walikaa kwenye mikeka wakitazamana, fimbo mapajani, katikati wameacha ukanda mtupu wa mchanga ambao hakuna aliyeukanyaga. Wanawake walikuwa pembeni, nyuma ya wanaume, Sagal kati yao na dera jeupe alilovalishwa na shangazi zake. Chai ya maziwa ya ngamia ilipoa kwenye vikombe. Nje ya lango gari la binamu zake Keyse lilikuwa limesimama, injini inanguruma, na hakuna aliyekwenda kuwaambia wazime. Keyse alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa koti, na joto lile!

Samatar akasimama kwenye mchanga. Alivaa kikoi kipya na shati jeupe, shati ambalo halikunukia chochote. Akataja jina: "Shairi hili si langu. Ni la Diriye, nami ni mdomo tu." Akaanza.

Mwanzo sauti ilitetemeka. Kwa mstari wa tatu ikatulia. Kwa ubeti wa pili wazee wa upande wa Kahin walikuwa wameacha kuchezea tasbihi. Alipofika kwa Liban akashusha sauti, kama alivyofundishwa, na uwanja mzima ukainama mbele kumsikia. *Kila kunapokucha, kitanda kile ki kitupu.* Mzee mmoja wa ukoo wa muuaji akajifunika uso kwa shuka lake. Wanaume wazima walikuwa wanalia kwenye mikeka yote miwili, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanalia kitu kimoja.

Kisha akafika mahali pale. Neno lililofuata lilikuwa Kahin.

Akanyamaza.

Alitimiza ahadi, naomba hilo liandikwe upande wake. Alifunga mdomo akasubiri wanong'one, akasubiri mtu aseme mjumbe amesahau. Hakuna aliyenong'ona. Walidhani ni ufundi. Walidhani mtu huyu amefika kwenye jambo zito mno na anawapa nafasi ya kupumua, na wakapumua. Hakuwa amewahi kupata kimya kama kile. Akamtazama Keyse: mkono wake ulikuwa ndani ya koti, na machozi yanamdondoka kidevuni, hayafuti. Akamtafuta Sagal. Midomo ya Sagal ilikuwa inatembea bila sauti: *endelea kunyamaza, endelea kunyamaza.*

Injini kule nje ilinguruma. Mzee wa upande wa pili akaanza kuinua kichwa, uso unauliza. Dakika moja zaidi na kila mtu angejua.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka kwa wanawake, sauti ya Bi. Dahabo aliyekuwa hazungumzi hadharani tangu mazishi.

"Malizia, mwanangu. Malizia nilale."

Mimi sitamtetea Samatar. Wako wanaosema alifanya kwa ajili ya mama, wengine kwa ajili ya amani, na yote ni kweli. Lakini nilikuwapo, nilimwona kifua kinavyojaa, na nasema kulikuwa na jambo la tatu ambalo hata yeye hatakiri: watu wote wale walikuwa mkononi mwake, na fundi gani anaweza kuitupa chini kazi ya namna ile?

*Kahin katoa kito,* alighani, *kwa Keyse kikabidhiwe.*

Aliughani vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kughani. Mistari ya mwisho ilitoka safi, mikono imetulia, kila neno na pumzi yake. Alipomaliza, Keyse akatoa mkono ndani ya koti, ukiwa mtupu, akauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Kahin akasimama, akavuka ukanda wa mchanga, wa kwanza kuukanyaga siku ile baada ya mjumbe, akamkumbatia Keyse. Wanaume wakapiga takbira. Nje, mtu akazima injini. Bi. Dahabo alikuwa ameegemea bega la jirani yake, amelala.

Wakaanza kumiminika kumpongeza, wakimpiga mabega, wakisema shairi hili litaishi miaka mia. Samatar aliwapenya, hasikii, anatafuta dera jeupe. Akalikuta langoni, shangazi wawili wamelishika kila upande. Macho ya Sagal yalikuwa makavu kabisa. Alisimama, akajifunika mtandio vizuri kama inavyompasa mwanamke mbele ya ndugu wa mume, akamwambia kwa adabu, shangazi zake wakisikia:

"Umeghani vizuri, shemeji."